Paa Yenye Kula Jua

Liège, tarehe 16 mars 2025

Maman wangu mupenzi,

Asinge, Maman, nakusalimia. Natumaini barua hii inakukuta muzima. Mimi niko muzima, ni baridi tu ndiyo haijachoka na sisi. Goti lako linaendelea namna gani? Na dada Ghislaine, kazi yake ya kuzalisha kule centre ya afya ya Kasha bado inamupa usingizi? Umusalimie sana tonton Parfait, kama bado anagombana na redio.

Maman, jana nilikupigia, simu imezimika. Juzi vilevile. Tangu mambo ya février, vita ilipoingia Bukavu, simu yako ikizimika mimi nashindwa kula. Nabeba ngazi huku mikono iko Liège na roho iko Nyalukemba. Halafu wewe unaibuka: "Courant ya umeme ilikatika tu, mutoto. Unalilia nini?"

Basi nimepata wazo. Kazi yangu unaijua, napanda juu ya nyumba za watu kuweka paa. Siku hizi tunaweka paa ya namna ingine. Si zile panneau za jua za kufunga juu ya manjanja, yale mabati, ambazo mwizi anaziona tangu barabarani na usiku anazifuata. Hii, tuile yenyewe, kigae cha paa, ndiyo inashika jua na kuligeuza courant. Ukiiangalia, ni tuile nyeusi tu. Mvua inateleza juu yake kama juu ya paa yoyote, na chini yake nyumba inawaka.

Kuko mutu aliagiza, halafu akabadilisha mawazo. Patron akaniambia: "Elysée, chukua, hapa zitakaa bure." Zinatosha upande mumoja wa nyumba yako, ule wenye kuangalia ziwa. Kuko na batterie yake. Mapadri wanaotuma kontena mpaka Kigali wamenipa nafasi.

Naomba ruhusa yako tu, kwa sababu upande ule tuile za udongo zitatoka.

Ni mutoto wako,
Elysée

Nyalukemba, tarehe 2 avril 2025

Mutoto wangu Elysée,

Pokea salamu kutoka kwa mama yako. Goti liko, linanipa habari ya mvua mbele ya redio ya tonton Parfait. Ghislaine ni muzima, amekonda kidogo. Yeye ndiye atapiga hii barua picha na kukutumia, juu vidole vyangu na zile herufi ndogo za simu havisikilizani.

Nimesoma maneno yako mara mbili. Jibu ni hapana.

Wewe unasema "tuile za udongo" kama mutu anayesema takataka. Zile aliziweka marehemu baba yako, Bulonza. Hakuwa na musaidizi, alikuwa na mimi. Nilikuwa na mimba yako, nasimama chini, namurushia moja moja, yeye anadaka juu na kuimba nyimbo za harusi ili majirani wacheke. Nikimwambia nimechoka, anasema: "Adèle, vumilia, tunamufunika mutoto." Sasa huyo mutoto aliyefunikwa ndiye anataka kufunua?

Giza halinishindi. Nina taa ya kuchaji, nina rozari, na vidole vyangu vinajua kila kona ya hii nyumba. Simu ikizimika, ujue simu ndiyo imezimika, si mama yako.

Hizo tuile zako uweke kwa nyumba yako huko, siku utakuwa nayo. Na ule vizuri. Kwa picha ya mwisho shingo yako ni kama ya kuku wa soko.

Ni mama yako,
Adèle

Liège, tarehe 20 avril 2025

Maman mupenzi,

Pasaka njema kwako na kwa nyumba yote. Habari ya goti? Mimi nimekula leo, nimekula mara mbili, niliogopa ile maneno ya kuku.

Maman, nina neno la kukuambia, na nisikilize bila kufunga uso. Wakati barua yako inafika, makasha yalikuwa yameshaondoka. Nilidhani utakubali. Yako baharini sasa.

Sitakulazimisha. Yakifika, tonton Parfait ayavushe pale mpakani, Ruzizi, myaweke pakavu, mutu asiweke kitu juu yake. Papa alijua kuweka paa, na mimi nimefuata mikono yake, ndiyo maana nilitaka kazi yangu ikae karibu na yake. Kwa nchi hii nimefunika nyumba nyingi za watu ambao siwajui hata majina. Ya kwenu, hata tuile moja sijaweka. Kuja siwezi, karatasi zangu za kukaa ziko zinabadilishwa, na nikitoka sasa mulango utafungwa nyuma yangu.

Fikiri tu. Zikae salon, kwa chumba ya wageni, mpaka roho yako itulie.

Na Maman, tafadhali, usizigawe. Nakujua. Lile koti la baridi nililokutumia, nililiona kwa picha ya kwaya, mwilini mwa Maman Aurore. Simu ya kwanza iko kwa tonton. Mara hii iwe yako.

Ni mutoto wako,
Elysée

Nyalukemba, tarehe 19 octobre 2025

Elysée mutoto wangu,

Nakusalimia. Najua ulingoja barua tangu makasha yafike, nikakuambia kwa simu tu "yamefika, asante", halafu nikanyamaza. Yalikaa salon, nikayatandikia kitambaa, wageni wakadhani ni meza mpya. Nilikuwa nayatazama, nayo yananitazama. Leo nina mengi. Kaa chini.

Wiki iliyopita nilipanda Kasha kumupelekea Ghislaine bugali na samaki wadogo wa sambaza, juu alikuwa hajarudi nyumbani. Ilikuwa mchana, lakini mbingu ikawa nyeusi kama sufuria. Mvua ya mawe ikaanguka. Upepo ukaingia chini ya manjanja ya ile chumba ya kuzalishia, ukaanza kuyapiga pa! pa! halafu ukayanyanyua. Tuliona mbingu, Elysée. Ndani ya chumba ya kuzalia watoto, tuliona mbingu.

Kulikuwa mwanamuke mumoja kwa kitanda, jina lake Fabiola. Alikimbia kutoka Kalehe na mimba, bwana wake walipotezana njiani, mpaka leo hajasikia habari yake. Uchungu ulimushika mbele ya wakati. Tulimusukuma na kitanda chake kwa kona ambako bado palikuwa na kipande cha paa. Courant hakuna. Groupe ya umeme iko, mafuta hakuna. Ghislaine akanipa simu yake: "Maman, mulika hapa, usiangalie pembeni." Nikamulika. Nikashika simu kwa mikono yote miwili.

Walikuwa mapacha, watoto wa kike. Wadogo, wadogo kama ndege. Wa kwanza alilia. Wa pili alilia kidogo tu, kama mutu anayeomba samahani. Pale centre kuko meza ya kupasha watoto joto, lakini bila courant ni meza ya kawaida, hata ya kukatia mboga. Ghislaine akaweka mumoja kwa kifua cha mama yake. Wa pili akaniletea: "Maman, fungua blouse."

Nikafungua. Akamuweka kwa ngozi yangu, akatufunika kitenge. Nikaketi pale, mvua inaingia, nahesabu pumzi yake kama mutu anayesikiliza mulango. Nilimuimbia zile nyimbo za harusi za baba yako, sikuwa na zingine kichwani. Mvua ilipoanza kupunguka, nikasikia amechoka. Ghislaine akaja, akainama, akaniangalia. Akavuta kitenge mpaka juu ya uso wa mutoto.

Na Fabiola kutoka kitandani akauliza: "Maman, wa kwako amelala?"

Elysée, nimezika bwana, nimezika ndugu zangu. Niliinuka na mutoto, nikaenda kuketi kwa kitanda chake.

Yule wa kwanza anaishi. Wamemuita Emmanuella.

Asubuhi yake nikamwambia tonton Parfait atafute gari. Makasha yako yote yamepanda Kasha. Sikukuuliza. Nakuambia. Nilijua utasema nini, na nilijua kama nikingoja jibu nitaogopa.

Ni mama yako,
Adèle

Nyalukemba, tarehe 7 décembre 2025

Mutoto wangu Elysée,

Nakusalimia, hata kama wewe hunisalimii tena. Afya yako iko namna gani? Baridi imerudi huko? Hapa tuko wazima, mvua ni nyingi.

Ghislaine anasema barua yangu uliisoma, ile alama ya bluu ilionekana. Nikikupigia, unasema uko kazini, uko kwa bus, unalala. Sawa. Mutu mukubwa anaruhusiwa kukasirika. Baba yako alikuwa akikasirika anatengeneza kiti. Tulikuwa na viti vingi.

Lakini ujue hali. Chumba ya kuzalishia imefunikwa bâche, turubai tu. Paroisse ya kanisa imeahidi mbao, na manjanja kwa upande wa pili. Fundi Xavier wa Bagira alifungua kasha moja, akatazama nyaya, akafunga tena. Alisema: "Maman, hii sitaigusa bila neno la kijana yako. Paa yenye kula jua inaweza kula mutu pia."

Kwa hiyo tunangoja neno lako. Kama hutaki kunipa mimi, umupe Xavier.

Ni mama yako,
Adèle

Liège, tarehe 21 décembre 2025

Maman,

Nakusalimia. Mimi ni muzima. Umusalimie Ghislaine, na Fabiola ambaye simujui, na mutoto.

Ndiyo, nilikasirika. Acha nikuambie vizuri ili isioze ndani. Usifikiri nilimukasirikia yule mutoto mudogo. Ile sehemu ya barua nilisoma ndani ya camion, chef akaniuliza nani amekufa nyumbani, nikamwambia: si ndugu, si mutu ninayemujua, lakini alikufa kwa kifua cha mama yangu. Nilikukasirikia wewe. Kila kitu ninachotuma ili wewe usipate shida, unakipatia mwingine, na shida inabaki yako, na mimi nabaki na woga wangu. Nikafikiri pia neno baya, na nitaliandika: labda Maman alitafuta tu njia ya kuokoa tuile za Papa.

Halafu juzi tulifunika nyumba ya bibi mumoja muzee hapa, ana courant mchana na usiku, ana taa mpaka kwa bustani ya maua. Nikiwa juu nikawaza bâche ya Kasha. Nikashuka mapema.

Basi Xavier asikie hivi, na Ghislaine amusomee polepole.

Paa ya zamani, nimeiona kwa picha za Ghislaine, ilikuwa imelala sana. Mbao zipande, maji yapate mteremko, la sivyo mvua itaingia kati ya tuile. Chini ya tuile waache nafasi ya upepo kupita, kwa sababu zikipata joto sana zinachoka. Na kubwa kuliko yote: jua halina bouton ya kuzima. Mwangaza ukigusa tuile, courant iko ndani yake. Wafanye kazi bâche iko juu, wasiunge fiche, kile kichwa cha waya, hata moja kwa mikono mitupu, mutu asikanyage katikati ya tuile. Batterie ikae chumba yake, mulango wa kufunga, mbali na mama wanaolala. Courant yote ya kwanza iende kwa ile meza ya joto na taa ya kitanda. Redio za walinzi wa centre zitangoja.

Noeli njema, Maman. Na bado natamani ungekuwa na taa.

Ni mutoto wako,
Elysée

Nyalukemba, tarehe 8 février 2026

Mutoto wangu mupenzi,

Mwaka mupya mwema, hata kama mwaka umeshaanza kuzeeka. Afya? Mimi nafuata goti langu polepole. Asante kwa barua yako. Ulipoandika neno baya, nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Unauliza kama nilitaka kuokoa tuile za baba yako. Kidogo, ndiyo. Ile asubuhi gari ilipoondoka na makasha, nilitazama juu, nikaona hazijaguswa, nikafurahi. Na wakati uleule kifua kilikuwa bado kinauma. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu. Mimi ni mutu mumoja tu, sijui kuvitenganisha.

Sasa habari ya kazi. Mbao zimepanda. Xavier alikuwa mukali kama sous-officier wa jeshi, kila mutu anayepanda anamuuliza: "Utakanyaga wapi?" Tuile zimekaa upande wenye kuona jua la asubuhi, nyeusi, zimepangana vizuri. Upande wa pili ni manjanja. Mvua imekuja mara nyingi, hata tone moja halijaingia. Wamama wanakuja kutazama, wanasema ni paa ya kanisa.

Lakini courant hakuna.

Siku ya kuunga, curé, padri wa paroisse, alikuja na maji ya baraka. Bâche ikatolewa. Xavier akashusha ile bouton kubwa ya ukutani. Tukangoja. Hakuna kitu. Akapandisha, akashusha tena. Hakuna. Watu wakaanza kuondoka kwa adabu. Mumoja akasema kwa sauti: "Vitu vya Ulaya vinataka jua la Ulaya." Xavier aliketi chini ya ukuta na kichwa kati ya magoti. Ghislaine alijifungia chumba ya dawa.

Network ilikuwa imekufa siku zile, hatukukupata. Nakuandikia juu ya hiyo. Usiogope, hakuna mutu aliumia. Tuambie tu tufanye nini.

Ni mama yako,
Adèle

Liège, tarehe 11 février 2026

Maman,

Salamu. Niko muzima. Naandika kwa haraka, tuko kwa pause, tunapumzika kidogo.

Umwambie Xavier asilie. Hata sisi inatutokea, na sisi tuna mashine za kupima. Jua la Bukavu ni zuri kuliko la huku, huyo mutu anyamaze.

Tuile zimeshikana mikono kwa mustari, kama watoto wanaovuka barabara. Mumoja akiachia, mustari wote unasimama. Warudishe bâche, halafu waangalie fiche, mustari kwa mustari, waanze chini karibu na gouttière, mufereji wa paa, kwa sababu pale ndipo mafundi wanaweka ngazi na kuegemea. Wanatafuta fiche iliyobanwa kati ya tuile na ubao, ama iliyoingia nusu. Ikiingia vizuri inalia "tak". Wasiposikia "tak", haijaingia.

Maman, hii ndiyo paa ya kwanza ninaweka bila kupanda. Najifunza kwamba kuketi chini kunachosha kuliko kupanda. Nilimueleza patron. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nimuonyeshe Kasha kwa carte ya dunia.

Mkipata, mutu anipigie hata kama niko juu ya nyumba.

Elysée wako

Nyalukemba, tarehe 12 avril 2026

Mutoto wangu Elysée,

Nakusalimia sana, kwa furaha ya Pasaka iliyopita. Goti ni lilelile. Nilikuwa nimekuahidi barua ndefu, maana kwa simu ile siku kila mutu alikuwa anapiga kelele na hukusikia kitu. Ngoja nikuambie vizuri.

Ilikuwa kama ulivyosema, chini karibu na gouttière. Fiche moja ilikuwa imebanwa chini ya ubao. Xavier aliitoa polepole, akaisafisha, akaiingiza. Sisi wote chini tulikuwa tunangoja "tak". Ilipolia, hata kuku walisikia.

Wakaondoa bâche. Akashusha bouton. Na sisi tukabaki tunaangaliana, juu jua lilikuwa kali, madirisha wazi, nani ataona taa mchana? Kila mutu anatazama juu kwa ile ampoule: "Imewaka?" "Haijawaka." "Nadhani imewaka." "Ni jua hilo." Ghislaine akapita katikati yetu, akaenda kwa meza ya watoto, akaweka mukono juu yake. Akangoja. Akaondoa, akaweka tena. Nikaona mabega yake yanashuka. Akasema: "Maman, njoo."

Nikaweka mukono. Elysée, ilikuwa na joto. Joto kidogo tu, kama mukate unaotoka sokoni. Nikauacha mukono wangu pale mpaka walinifukuza.

Sitakudanganya, haifanyi maajabu. Mvua ikikaa siku nyingi, batterie inachoka, na Ghislaine anazima kila kitu isipokuwa meza na taa moja. Na watoto wengine bado wanatushinda, meza si Mungu. Lakini mwanamuke wa Mwenga, ambaye bwana wake ni mutu wa kuchimba dhahabu, alizaa mutoto mbele ya wakati, mudogo kama wale. Huyo mutoto alikaa juu ya meza ile mpaka akaanza kugombana na kila mutu. Wamerudi kwao. Nilimupeleka mama yake mpaka kwa gari.

Sasa habari ingine, na usifunge uso. Unakumbuka chumba ambamo baba yako aliweka vyombo vyake vya kazi? Nimevitoa. Fabiola na Emmanuella wanakaa mule tangu mwisho wa mars. Alikuwa analala kwa familia fulani pale Kasha, kumi na moja ndani ya chumba moja. Nilimwambia aje mpaka bwana wake asikike. Kila dimanche baada ya misa anapita kwa watu wanaotoka Kalehe, anauliza. Bado. Wakati mwingine anarudi na kukaa uani, mimi namuwekea sahani karibu, naenda zangu. Siku zingine anacheka mpaka tonton Parfait anapunguza redio kusikiliza.

Hajaniuliza tena habari ya yule wa pili. Lakini juzi alinikuta nafua, akasema: "Maman, alikuwa na nywele?" Nikasema ndiyo, nyingi, nyeusi. Akaketi, tukafua pamoja.

Hapa kwetu courant ilikatika tangu jeudi, leo ni siku ya tatu, naandika karibu na dirisha. Usianze. Umeniuliza mara ya mwisho kama nataka na mimi unitafutie paa. Jibu langu: ukipata zingine, kuko centre nyingine kule juu, Ghislaine atakueleza. Najua utakasirika. Tengeneza kiti.

Nilitaka kukuambia pia habari ya ile karatasi yako ya kukaa, curé anaiombea kila asubuhi, na Maman Aurore anaiombea ndani ya lile koti lako. Lakini Fabiola yuko jikoni na majani ya sombe, ameniachia mutoto, na huyu sasa ameshajua kuketi, anajua kuvuta, anajua kushika. Tangu nianze hii page anafuata kalamu yangu ya bic na macho kama paka. Nampa kijiko, anakitupa. Nampa rozari, anaila. Anataka bic tu. Ngoja nimal

Ni mama yako,
Adèle

Ule mustari mukubwa unaopita juu ya jina langu, usijaribu kuusoma. Ni Emmanuella.